Sarafu ngeni kwenye chenji: lini inafaa kugharimia uthibitisho

ARUA, UGANDA – Wafanyabiashara na madereva wa barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba hushika fedha za nchi tatu kwa siku moja: shilingi ya Uganda, faranga ya Kongo na pauni ya Sudan Kusini, bila kusahau dola ya Marekani. Katika mzunguko wa namna hiyo si ajabu kukuta ndani ya chenji sarafu isiyofahamika. Huenda ina tundu katikati, ina kichwa cha mfalme au ina maandishi ya Kiarabu. Swali linalofuata huwa moja: je, hii ni mali?

Jibu fupi ni kwamba nyingi ya sarafu hizo haziwezi kulipia hata nauli ya basi kutoka Arua hadi Kampala. Chache zinaweza kulipia zaidi ya hapo. Ugumu uko kwenye gharama. Kuthibitisha uhalisi wa sarafu kuna malipo ya chini ambayo kila mtu hulipa, awe na sarafu ya dola 3 au ya dola 3,000. Ndiyo maana uamuzi wa kuipeleka kwa wataalamu ni wa hesabu, na hesabu hiyo huanza na vipimo ambavyo mfanyabiashara anaweza kuvifanya mwenyewe pale alipo, kwa gharama ndogo au bila gharama.

Mwongozo huu unaeleza hatua hizo kwa mpangilio, pamoja na sarafu zinazoelekea zaidi kujitokeza katika eneo la Arua, Aroi na Koboko.

Kwa nini eneo hili lina sarafu za kila aina

West Nile ilibadilishana mikono mara kadhaa ndani ya miaka 20. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji eneo lililojulikana kama Lado, upande wa magharibi wa mto Nile. Leopold alifariki Desemba 1909. Mwaka 1910 eneo hilo likawekwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda.

Kila utawala ulikuwa na fedha yake. Upande wa Kongo kulikuwa na faranga na santimu za Leopold. Upande wa Sudan ilitumika fedha ya Misri. Upande wa Uganda rupia ya India ndiyo iliyokuwa fedha kubwa hadi mwaka 1920, ilipowekwa florini. Florini nayo haikudumu, ikapokewa na shilingi ya Afrika Mashariki iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Uganda ikaanza kutoa shilingi ya nchi yenyewe.

Kuna sababu ya pili. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, na wengi hawakurudi hadi miaka ya 1980. Mwaka 1987 serikali ya Uganda ilibadilisha fedha: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, pamoja na makato ya asilimia 30. Sarafu za zamani zilizobaki kwenye masanduku na mifuko zikakosa kazi. Baadhi yake bado hutokea zikiwa zimechanganyika na sarafu za shilingi 100, 200 na 500 zinazotumika sasa.

Hatua ya kwanza: itambue kabla ya kuipigia bei

Kuna maswali manne ya kujibu.

Kwanza, ni ya nchi gani au mamlaka gani? Maandishi "EAST AFRICA" maana yake ni Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ambayo fedha yake ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye Zanzibar. "BANK OF UGANDA" ni ya mwaka 1966 na kuendelea.

Pili, thamani iliyoandikwa ni ipi? Senti 10 na shilingi 10 zinatofautiana sana, na sarafu za miundo inayofanana zimewahi kuwachanganya hata wauzaji wazoefu.

Tatu, ni ya mwaka gani, na umeandikwa kwa kalenda ipi? Sarafu za Sudan, Misri na Zanzibar zinaweza kuwa na mwaka wa Hijria. Mwaka 1306 wa Hijria ni 1888 hadi 1889 wa Miladia.

Nne, kuna alama ya kiwanda? Kwenye sarafu za Afrika Mashariki, herufi H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King's Norton, SA ni Pretoria na I ni Bombay. Herufi hiyo ni ndogo na huhitaji lenzi. Ni muhimu kwa sababu kiwanda kimoja kinaweza kuwa kilipiga mamilioni ya sarafu za mwaka fulani, na kingine kikapiga chache.

Majibu haya manne yakipatikana, sarafu inaweza kutafutwa kwenye katalogi. Numista inapatikana bure kwenye intaneti na inaonyesha picha, uzito, kipenyo, aina ya madini na mara nyingi idadi iliyotengenezwa. Maduka ya sarafu hutumia pia katalogi za Krause.

Katika kutafuta bei, tofautisha bei iliyoombwa na bei iliyolipwa. Mtu yeyote anaweza kutangaza senti 10 kwa dola 5,000. Kinachohesabika ni bei ambayo mnunuzi alitoa mnada ulipofungwa.

Sarafu zinazodanganya macho

Sarafu zifuatazo huonekana adimu, lakini kwa kawaida si za kugharimia uthibitisho.

*Riali ya Maria Theresa ya 1780.* Hii ni sarafu kubwa ya madini ya fedha yenye picha ya malkia wa Austria. Ilisambaa sana Ethiopia, Sudan, Uarabuni na pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1780 umeandikwa kwenye sarafu zote kwa sababu baada ya malkia huyo kufa mwaka huo, viwanda viliendelea kuipiga kwa mwaka uleule. Kiwanda cha Vienna bado kinaitengeneza. Thamani yake ya kawaida ni ya madini yaliyomo, takribani gramu 23.4 za fedha safi.

*Senti 5 na 10 za 1936 zenye jina EDWARDVS VIII.* Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza kwa miezi ya mwaka 1936 tu, kuanzia Januari hadi Desemba. Watu wengi hudhani kwamba sarafu zake lazima ziwe chache. Katika Uingereza yenyewe ni kweli, maana hazikutolewa kwa matumizi ya umma. Lakini senti hizi za Afrika Mashariki zenye tundu zilipigwa kwa mamilioni na zikatumika sokoni. Mkusanyaji hununua moja kwa fedha kidogo.

*Pesa ya Zanzibar ya 1299.* Ina picha ya mizani na tarakimu za Kiarabu. Mwaka huo ni wa Hijria, sawa na 1882 wa Miladia, enzi ya Sultan Barghash. Wapo wanaodhani ni sarafu ya miaka 700 iliyopita. Ni ya kawaida sana.

*Shilingi ya simba.* Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima ilitengenezwa kwa wingi. Zilizopigwa kuanzia 1921 hadi 1946 zina asilimia 25 tu ya fedha. Sarafu ya gramu 7.78 ina chini kidogo ya gramu 2 za fedha safi. Zile za 1948 hadi 1952 ni aloi ya shaba na nikeli, hazina fedha kabisa.

*Sarafu za Uganda za 1966.* Senti 5, 10, 20 na 50 pamoja na shilingi 1 na 2 zilitolewa kwa wingi. Shilingi 2 ilitolewa mwaka huo mmoja tu, jambo linaloifanya ivutie, lakini iliyochakaa haifiki bei ya kulipia uthibitisho.

Sarafu za kutazamwa mara mbili

*Shilingi 5 ya Uganda ya 1972.* Hii ndiyo sarafu ambayo mtu wa Arua au Koboko anapaswa kuijua kuliko nyingine zote. Ni ya aloi ya shaba na nikeli, ina pande saba, na iliondolewa kwenye mzunguko. Leo ni adimu. Usiichanganye na shilingi 5 ya 1987, ambayo pia ina pande saba lakini ni ya chuma cha pua na ni ya kawaida. Mwaka ulioandikwa ndio unaotenganisha mali na mapambo, kwa hiyo uangaliwe kwa lenzi ili kuona kama tarakimu zimechongwa upya.

*Florini ya Afrika Mashariki ya 1920.* Ina uzito wa gramu 11.66 na nusu yake ni fedha safi. Florini ilikuwa fedha rasmi kwa muda mfupi sana, kisha zikakusanywa na nyingi kuyeyushwa. Iliyobaki katika hali nzuri hutafutwa na wakusanyaji.

*Faranga 5 za Dola Huru ya Kongo.* Zina kichwa cha Leopold wa Pili, uzito wa gramu 25 na asilimia 90 ya fedha. Zilipigwa kwa miaka ya 1887, 1891, 1894 na 1896. Yenye mwaka tofauti na hiyo ni ya kutiliwa shaka papo hapo. Sarafu kubwa za fedha za karne ya 19 huigwa sana, kwa hiyo uzito na maji vitangulie.

*Seti ya ziara ya Papa ya 1969.* Papa Paulo wa Sita alipozuru Uganda mwaka 1969, zilitolewa sarafu za kumbukumbu za fedha safi na za dhahabu. Hazikuwa fedha ya sokoni. Iliyotokea kwenye chenji huwa imetoka kwenye sanduku la mtu, na hapo swali la mwenye mali ni zito kuliko la bei.

*Rupia 15 za Tabora za 1916.* Ni sarafu ya dhahabu yenye tembo, iliyopigwa na Wajerumani katika karakana ya reli mjini Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walipokuwa wamezingirwa. Zilitengenezwa 16,198 tu. Uzito wake ni gramu 7.17 na dhahabu ni asilimia 75. Ni ya thamani, na kwa sababu hiyohiyo ni miongoni mwa zinazoigwa zaidi katika Afrika Mashariki. Aliyeletewa "sarafu ya tembo" kwa bei poa aanze na dhana kwamba ni ya kuiga.

*Sarafu zenye hitilafu ya kiwanda.* Picha iliyopigwa nje ya katikati au sarafu iliyopigwa kwenye madini yasiyo yake inaweza kuwa na bei. Lakini alama nyingi zinazoitwa hitilafu ni majeraha ya baadaye: nyundo, moto, msumari au gurudumu la gari.

Vipimo vya mezani

Fanya vipimo hivi kwa mpangilio na uache pale sarafu inapofeli.

*Sumaku.* Fedha, dhahabu, shaba na aloi ya kawaida ya shaba na nikeli hazinaswi na sumaku. Chuma kinanaswa. Sarafu inayodaiwa kuwa ya fedha ikinaswa, hakuna haja ya kuendelea. Kwa sarafu za Uganda kuna jambo la kukumbuka: mwaka 1976 senti 5 na 10 zilibadilishwa kutoka shaba kuwa chuma kilichopakwa shaba, na senti 50 na shilingi 1 zikawa chuma kilichopakwa aloi ya shaba na nikeli. Hivyo senti 10 ya 1976 kunaswa ni sawa. Ya 1966 ikinaswa, kuna jambo.

*Uzito.* Mizani ya jikoni haitoshi. Mizani ya wanunuzi wa dhahabu, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, inafaa. Uzito wa kulinganisha ni huu:

- Rupia ya India na rupia ya Wajerumani: gramu 11.66, fedha asilimia 91.7
- Florini ya 1920: gramu 11.66, fedha asilimia 50
- Shilingi ya Afrika Mashariki: gramu 7.78, fedha asilimia 25 hadi mwaka 1946
- Senti 50 ya Afrika Mashariki ya miaka hiyo: gramu 3.89, fedha asilimia 25
- Riali ya Maria Theresa: gramu 28.07, fedha asilimia 83.3
- Faranga 5 za Dola Huru ya Kongo: gramu 25, fedha asilimia 90
- Rupia 15 za Tabora: gramu 7.17, dhahabu asilimia 75

Sarafu iliyochakaa hupungua kidogo. Ikiwa nzito kuliko uzito wake halali, au imepungua sana ilhali picha yake bado ni kali, itiliwe shaka.

*Maji.* Kipimo hiki hugundua sarafu ya kuiga yenye uzito sahihi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani na urudishe usomaji kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba na uizamishe bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayosomeka ni ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo.

Riali halisi ya gramu 28.07 itasoma karibu 2.75, na jibu la kugawanya ni takribani 10.2. Ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itasoma karibu 3.15, na jibu litakuwa 8.9. Tofauti hiyo inaonekana wazi. Dhahabu safi ni 19.3, fedha safi 10.5, risasi 11.3 na shaba 8.96.

*Ukingo na sura.* Sarafu halisi hupigwa kwa mashine yenye nguvu, na herufi zake huwa na kingo kali. Ya kumiminwa kwenye kalibu huwa na vitundu vidogo kama vya mapovu, herufi laini, na pengine mstari wa kiungo ukingoni. Riali ya Maria Theresa ina maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka kuzunguka ukingo. Nyingi za kuiga hazina maneno hayo, au yanasomeka vibaya.

Usiisafishe

Hasara kubwa hutokea kabla sarafu haijafika kwa mtaalamu, nayo hufanywa na mwenyewe kwa nia njema. Ndimu, majivu, mchanga, dawa ya meno na sabuni ya unga huondoa ngozi ya juu ya sarafu pamoja na sehemu ya bei yake. Mkusanyaji hupendelea sarafu nyeusi isiyoguswa kuliko inayong'aa kwa kusuguliwa. Hata wathibitishaji huandika kwamba sarafu ilisafishwa, na maneno hayo hushusha bei.

Ishike kwa ukingo. Ifunge kwenye karatasi safi kavu, peke yake, na isigongane na nyingine. Ipige picha pande zote mbili na ukingo kwenye mwanga wa mchana, pamoja na rula.

Andika pia ilipatikana wapi, lini na kwa nani. Habari hiyo inaweza kuwa na uzito kuliko sarafu yenyewe. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliokota katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, sarafu ndogo 5 za shaba za Kilwa. Alikuwa ameweka alama kwenye ramani mahali alipoziokota. Zilipofikishwa kwa wataalamu mwaka 1979, alama ile ndiyo iliyozifanya kuwa ushahidi wa kujadiliwa na wanahistoria. Bila hiyo zingekuwa vipande vya shaba vilivyochakaa.

Hesabu ya uamuzi

Sarafu ikishavuka vipimo vyote, ndipo hesabu inafanywa. Zinahitajika namba nne: gharama yote ya uthibitisho, bei ya sarafu ikiuzwa ilivyo bila hati, bei yake ikithibitishwa, na uwezekano kwamba ni halisi.

Gharama yote si ada ya mthibitishaji peke yake. Ongeza usafirishaji wa kwenda na kurudi, bima, makato ya kutuma fedha, na ushuru kama upo wakati wa kurudi.

Chukua mfano wa kufikirika. Gharama yote ni dola 150. Mnunuzi yuko tayari kutoa dola 200 kwa sarafu ilivyo, akijua haijathibitishwa. Ikithibitishwa italeta dola 900 baada ya kutoa kamisheni ya mnada. Ikiwa bandia, haina kitu.

Uwezekano ukiwa nusu kwa nusu, matarajio ni nusu ya 900, yaani 450. Ukitoa 150 inabaki 300. Hiyo inazidi 200, kwa hiyo kuthibitisha kunalipa. Uwezekano ukiwa theluthi moja, matarajio ni 300, na ukitoa gharama inabaki 150. Hapo ni afadhali kupokea 200. Mpaka kati ya uamuzi huu na ule uko karibu asilimia 39.

Kwa mfano wa pili, sarafu inauzwa dola 40 bila hati na dola 70 ikiwa na hati. Hata kama ni halisi kwa uhakika wote, kuithibitisha kwa dola 150 ni kupoteza.

Kanuni ya haraka ni hii: ikiwa bei ya sarafu halisi, katika hali ileile ya uchakavu, haifiki walau mara tatu ya gharama yote, iache. Mwenye mtaji mdogo aongeze tahadhari, kwa sababu dola 150 zilizofungwa kwa miezi ni bidhaa ambayo haikununuliwa Ariwara na safari ambayo gari halikuenda.

Kwa sarafu za fedha na dhahabu kuna sakafu ya bei. Zidisha gramu za madini safi kwa bei ya siku hiyo. Rupia moja ina takribani gramu 10.7 za fedha, florini ya 1920 gramu 5.8, faranga 5 za Kongo gramu 22.5. Asiuze mtu chini ya sakafu hiyo bila sababu.

Kuuza ilivyo kunaruhusiwa pale mnunuzi anapoambiwa ukweli wote. Anayejua kwamba sarafu ilifeli kipimo cha maji na bado akaiuza kama halisi anafanya utapeli.

Nani anathibitisha

Kampuni zinazofahamika zaidi duniani ni PCGS, iliyoanzishwa mwaka 1986, na NGC, iliyoanzishwa mwaka 1987, zote za Marekani. Huchunguza sarafu, huipa daraja, kisha huifungia kwenye kasha la plastiki lenye namba. Makasha nayo huigwa. Anayeuziwa sarafu iliyokwisha kufungwa aitafute namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni na alinganishe picha.

Kabla ya kufika huko ipo hatua isiyo na gharama. Nyumba za mnada za London na kwingineko hupokea picha na kutoa maoni ya awali, kwa kuwa zinatafuta mali ya kuuza. Zikisema haifai, suala limekwisha. Zikionyesha hamu, ni dalili kwamba gharama inaweza kulipa.

Hapa nchini, Jumba la Makumbusho la Uganda lililoko Kampala linaweza kusaidia upande wa historia. Kituo cha Benki Kuu ya Uganda mjini Arua kinahusika na fedha halali ya nchi, si na bei za wakusanyaji. Sonara mwaminifu anaweza kupima madini, lakini asiruhusiwe kukwaruza wala kutia tindikali. Mkwaruzo mmoja unaweza kugharimu zaidi ya ada ya mthibitishaji.

Mpaka na sheria

Sarafu iliyotoka kwenye chenji ni jambo moja, na iliyochimbwa ardhini ni jambo jingine. Uganda ina Sheria ya Makumbusho na Malikale ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967. Aliyekuta sarafu za kale shambani au kwenye msingi wa nyumba awasiliane na Idara ya Makumbusho na Malikale kabla ya kuuza au kuvusha.

Dereva asikubali kubeba bahasha ya sarafu za mtu mwingine kupitia Vurra au Oraba bila maelezo ya maandishi. Forodha wakiikuta, maswali yatamhusu aliye kwenye usukani. Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi nazo zina masharti makali juu ya sarafu na madini ya thamani, kwa hiyo uliza kwanza, na usiandike "vipuri" kwenye fomu. Bima haitalipa kitu ambacho hakikutajwa.

Matapeli

Habari za rupia za Mjerumani zilizofukiwa ardhini zimezunguka Afrika Mashariki kwa muda mrefu, na zimewafilisi wengi. Dalili za hatari zinafanana kila mahali. Mnunuzi hajaiona sarafu lakini ametaja mamilioni. Anaomba ada ya "kupima", "kibali" au "usajili" kabla ya kununua. Anadai sarafu ina nguvu za pekee, kama kuvuta mchele au kuzima simu. Anataka kuichukua "kwa siku moja" bila stakabadhi. Mnunuzi wa kweli hulipa muuzaji. Hamdai muuzaji fedha.

Kwa kifupi

1. Tambua nchi, thamani, mwaka na alama ya kiwanda.
2. Usisafishe, usikwaruze, piga picha, andika ilikotoka.
3. Pima kwa sumaku, mizani na maji. Ikifeli, acha.
4. Tafuta bei iliyolipwa mnadani kwa sarafu iliyochakaa vivyo hivyo.
5. Tuma picha kwa nyumba ya mnada kabla ya kutuma sarafu.
6. Thibitisha pale tu bei inapofika mara tatu ya gharama yote.
7. Usimlipe mnunuzi, na usivushe usichoweza kukieleza forodhani.

Kwa sarafu nyingi zitakazotokea Arua na Koboko, safari itaishia kwenye hatua ya tatu au ya nne, na itakuwa imegharimu muda wa kunywa chai. Shilingi 5 ya 1972 yenye tarakimu zisizochezewa, au faranga 5 za Leopold zenye gramu 25 na jibu la maji karibu 10.3, zinastahili kuendelea hadi hatua ya tano.